Rimoti ni yangu, siri ni ya nani?

Huku Mlimani bumu bado linasuasua na watu tunaishi kwa kukopa chapati, lakini leo sina hamu ya kuzungumzia bumu. Leo nina ugomvi na mafundi wa alamu za magari. Si wote, maana waungwana wapo. Nawasema wale waliojigeuza waganga: wanakufanyia kitu kwenye gari lako mwenyewe, kwa hela yako mwenyewe, halafu wewe mwenye gari hutakiwi kuangalia.

Msimamo wangu nautoa mapema ili anayetaka kunipinga ajue pa kuanzia. Mtu aliyenunua alamu, akalipia na ufundi wa kuifunga, ana haki ya kupewa kitabu chake, kuonyeshwa kitufe chake cha dharura, na kufundishwa namna ya kuingiza rimoti mpya na kufuta ya zamani. Fundi anayemficha mambo hayo hamlindi na mwizi. Analinda ulaji wake.

Tuanze na hali ilivyo. Gari linashuka bandarini kutoka Japani likiwa limeshakula chumvi ya kutosha. Mara limekuja na rimoti yake, mara ni ufunguo mtupu. Mwenye gari, bado ananukia mkopo, anaambiwa na kila mtu asithubutu kulilaza nje bila alamu. Anakwenda kwa fundi. Boksi likifunguliwa lina king'ora, kisanduku chenyewe cha alamu, fungu la waya, kitaa kidogo cha kukonyeza kwenye dashibodi, kitufe kidogo cha kubonyeza, rimoti mbili na kitabu cha maelekezo. Kazi ikiisha anakabidhiwa nini? Rimoti (mbili akiwa na bahati, moja akiwa mpole) na stika ya kubandika kioo cha nyuma. Kitufe kimefichwa hajui wapi. Kitabu kimekwenda na boksi, na boksi limekwenda kusikojulikana.

Toka siku hiyo yule bwana au bibi anakuwa mpangaji kwenye gari lake. Rimoti ikipotea, kwa fundi. Ikigoma, kwa fundi. Akinunua nyingine, kwa fundi "akaiprogramu".

Sasa hiyo kazi ya kuprogramu ni ipi hasa? Ukiisikia jina lake unaweza kudhani mtu anakaa na kompyuta usiku kucha anaandika. Wapi! Kisanduku cha alamu kina kumbukumbu ndogo yenye nafasi chache za kuhifadhi utambulisho wa rimoti. Kwenye alamu nyingi za kawaida nafasi huwa nne. Kila rimoti ina namba yake. Kuiseti maana yake ni kukiambia kisanduku kwamba huyu naye ni wa nyumbani, ukisikia sauti yake fungua. Basi. Unaweka ufunguo kwenye ON, unabonyeza kile kitufe kilichofichwa mara kadhaa kama kitabu kinavyosema, king'ora kinatoa mlio mfupi au indiketa zinawaka kuonyesha kwamba kisanduku sasa kinasikiliza, kisha unabonyeza rimoti mpya mpaka kiitikie. Kama ipo ya pili, nayo unaibonyeza ndani ya sekunde chache. Unazima swichi. Kwisha habari. Idadi ya mibonyezo na muda wa kusubiri hutofautiana toka alamu moja hadi nyingine, na ndiyo maana nakazania kitabu. Bila kitabu unabahatisha kama mtu anayetafuta stesheni ya redio kijijini.

Hata zile rimoti zilizokuja na gari toka kiwandani, nyingi hazihitaji mashine. Chukua Toyota za miaka ya mwisho ya 1990 na mwanzo wa 2000, ambazo zimejaa mjini kama kunguru. Kwa nyingi, unachomeka na kuchomoa ufunguo, unafunga na kufungua loki za milango mara kadhaa kwa mpangilio maalumu, halafu unazungusha swichi ON na OFF. Idadi ya hizo ON na OFF ndiyo inayoliambia gari unataka nini. Mara 1 ni kuongeza rimoti. Mara 2 ni kufuta zote zilizomo na kuandika upya. Mara 3 ni kuuliza zimo ngapi, na gari linakujibu kwa kujifunga na kujifungua lenyewe. Mara 5 ni kuzima kabisa kazi ya rimoti. Nilipolijua hili nilicheka peke yangu kama chizi: gari linajua kuhesabu, na lipo tayari kumwambia mwenye nalo ni rimoti ngapi duniani zinaweza kulifungua. Ni nani anayeliuliza?

Ila tuelewane hapo. Nazungumzia rimoti ya kufunga na kufungua milango, si ile chipu iliyomo ndani ya kichwa cha ufunguo ambayo injini huisikiliza kabla ya kuwaka. Hiyo ni habari nyingine, na mara nyingi kweli inahitaji kifaa na mtu anayekijua. Fundi mjanja huchanganya hivi viwili makusudi ili akutoze cha pili kwa kazi ya cha kwanza.

Sasa kwa nini nina hasira kiasi hiki? Ni kwa ajili ya mama mdogo. Mama mdogo wangu ni nesi. Mwezi uliopita katoka zamu saa tisa usiku, kaenda kwenye gari lake, kabonyeza rimoti, kimya. Kabonyeza tena, kimya. Kafungua mlango kwa ufunguo, king'ora kikaanza kumpigia mayowe kana kwamba anajiibia, na kwa kuwa alamu ilikuwa imeunganishwa ikate waya wa stata, gari halikuwaka. Mlinzi akaja mbio na rungu. Simu ya fundi imezimwa. Teksi saa ile, mwanamke peke yake, hapana. Mama wa watu kakaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje mpaka kulipokucha, na sare yake ile ile, huku nyumbani ana mtoto wa darasa la pili aliyelala na jirani.

Asubuhi akanipigia. Nikafika, na fundi naye akafika, saa nne hivi, taratibu, hana haraka. Neno lake la kwanza: "Dogo, hebu nikimbilie maji ya kunywa pale dukani." Nikamwambia, kaka, maji ninayo kwenye begi, karibu. Kanitazama vibaya. (Waliowahi kupeleka gari kwa mafundi hawa mtanielewa, daima kuna maji ya kununua, au vocha, au spana ya kuazima kwa jirani, pale pale kazi inapotaka kufanyika.) Basi kaingia, kanipa mgongo, mkono ukapotea chini ya usukani upande wa fyuzi, ufunguo ON, tik, gari likawaka. Haikufika nusu dakika, nilikuwa nahesabu. Kisha akaifungua rimoti, akaweka betri mpya, akaifunga, akasema "nimekuprogramia upya". Elfu arobaini.

Kile kitufe alichokigusa ni kitu cha kawaida kabisa, vitabu vya alamu za aina hii hukieleza: ufunguo ON, bonyeza, alamu inaachia gari hata kama rimoti imekufa au imezama baharini. Kiwanda kimekiweka kwa ajili ya usiku kama ule. Kilikuwa sentimita chache kutoka kwenye goti la mama mdogo kwa miaka mitatu na hakuna aliyemwambia.

Nikamuuliza fundi kwa nini hakumwonyesha. Akanijibu kwa upole kama anayemfundisha mtoto: "Mambo ya usalama hayo dogo. Tukianza kuwaonyesha watu, na wezi watajua."

Hapo ndipo ninapotaka tusimame, maana jibu hilo linasikika kama lina akili na watu wengi wanalimeza.

Kwanza, wezi gani? Ili kuingiza rimoti mpya lazima uwe ndani ya gari na ufunguo kwenye ON. Mwizi aliyekaa kwenye kiti chako na ufunguo wako mkononi hana shida ya kuseti rimoti, ana shida ya kuchagua barabara. Na huyo asiye na ufunguo, anayevunja kioo na kuchuna waya, ndiye anayejua vizuri zaidi mafundi wanapopenda kuficha vitu, kwa sababu wanaficha pale pale kila siku. Siri yenyewe basi anaijua fundi, wanaijua vijana wake wawili, anaijua aliyewafundisha, na wanaijua waliowahi kufanya kazi pale wakafukuzwa. Asiyeijua ni mwenye gari peke yake. Mimi sijasema mama mdogo aende akatangaze kanisani kitufe chake kilipo. Nimesema yeye ajue.

Pili, hili si jambo geni, limeshajadiliwa na watu wazima kabla babu zetu hawajazaliwa. Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs, aliyekuwa akiandika Ufaransa kuhusu mawasiliano ya siri ya kijeshi, alisema mfumo mzuri ni ule usiodhurika hata ukianguka mikononi mwa adui. Kinachotakiwa kubaki siri ni ufunguo tu. Tunafundishwa hilo darasani mpaka leo. Alamu inayokuwa salama kwa sababu mwenye nayo hajui inavyofanya kazi haina usalama wowote, ina bahati tu.

Na kama mnataka mfano wa karibu, hauko mbali na hizo rimoti zenyewe. Rimoti nyingi nzuri zinatumia mfumo unaoitwa KeeLoq, ambao (jivuneni kidogo) ulibuniwa hapa hapa Afrika, kwenye kampuni ya Nanoteq ya Afrika Kusini, miaka ya 1980, kabla ya kuuzwa kwa Microchip ya Marekani mwaka 1995. Ni kazi ya akili sana. Kila ukibonyeza, rimoti inatuma namba tofauti na ya jana, kwa hiyo mtu aliyenasa mawimbi yako ya asubuhi hawezi kuyarudia jioni. Lakini namna mfumo unavyokokotoa hizo namba ilifanywa siri. Maelezo yake yakavuja mwaka 2006. Mwaka 2007 wataalamu wakaanza kuchapisha udhaifu wake, na mwaka 2008 watafiti wa chuo kikuu cha Bochum, Ujerumani, wakaonyesha kwamba kwa kupima umeme unaotumiwa na kisanduku wanaweza kuutoa ufunguo mkuu wa mtengenezaji, ule ule unaotumika kwenye vifaa vyake vingi. Ukishakuwa nao, unahitaji kunasa ujumbe usiozidi miwili ili kuiga rimoti ya mtu kwa mbali. Ule usiri haukuzuia kitu. Ulichelewesha tu siku ya watu wema kuuona udhaifu na kuusema.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma, wakati tunafichana kitufe, hatari zenyewe za kweli hakuna anayetuambia.

Mnajua kwamba kuna alamu zinauzwa ambazo namba yake haibadiliki kabisa? Ukiifungua rimoti ukakuta chipu imeandikwa PT2262, au EV1527, ujue kila siku unapiga kelele ile ile hewani. Anayekaa pembeni na kifaa cha kunasia akikusikia mara moja, anayo rimoti yako mpaka gari lioze. Zile za PT2262 zenye vitufe vinne, mpangilio wa kawaida una namba 6,561 tu. Mashine inaweza kuzijaribu zote mwenye gari akiwa kwenye foleni ya benki. Kipimo rahisi ni hiki: kama ile rimoti ya kukopi ya bei chee imeweza kuikopi yako kwa kuziweka pamoja tu, bila kuligusa gari, basi na mwingine anaweza. Ukikuta chipu ya familia ya HCS, kama HCS301, hiyo ndiyo ya KeeLoq, yenye namba inayobadilika. Ina udhaifu niliousema, lakini mwizi wa kawaida wa mjini hana maabara ya Bochum. Fundi wakati anakuuzia alikuambia ipo ipi? Alikuambia ina rangi nzuri.

Halafu kuna rimoti zilizopotea. Umeibiwa pochi yenye rimoti. Fundi anakuuzia mpya, anaiseti, unashukuru, unaondoka. Ile ya kwanza je? Kama hakuifuta, bado inafungua gari lako vile vile, na aliyeiokota anaweza kuwa anajua unakoegesha. Baadhi ya alamu zinafuta zote mara tu unapoanza kuseti upya. Nyingine zinaongeza tu kwenye nafasi iliyo wazi, na nafasi zikijaa mpya inaisukuma nje ya zamani kuliko zote. Kwa nyingi za namna hiyo watu huiseti rimoti hiyo hiyo moja mara nne ili ijaze nafasi zote na kumtoa mgeni. Yako ni ya aina gani? Kitabu kinasema. Kitabu kiko wapi? Aha.

Na gari lililonunuliwa kwa mtu hapa hapa mjini? Mwenye nalo wa zamani alikupa rimoti moja, akasema nyingine ilipotea. Huenda ni kweli. Lakini kwenye Toyota yako ya kiwandani ungeweza kuhesabu na kufuta zote siku ile ile ukiwa uwanjani kwenu, bila kumtukana mtu wala kumdhania vibaya.

La mwisho kwenye hili ni wale wanaozuia mawimbi. Afrika Kusini ni wizi wa siku nyingi kwenye maegesho ya maduka: jamaa anabonyeza kifaa chake wakati wewe unabonyeza chako, mawimbi yanagongana, gari halisikii, wewe unaondoka ukiamini umefunga. Mwaka 2015 Samy Kamkar wa Marekani akaonyesha kijikifaa cha dola 32 hivi kinachozuia na kuhifadhi kwa pamoja ile namba inayobadilika ili itumike baadaye. Dawa ya ule wizi wa kwanza haina gharama: sikiliza mlio, tazama indiketa, vuta kitasa kabla hujaondoka. Hiyo nayo inatakiwa isemwe na mtu aliyekuuzia alamu. Badala yake anakutuma maji.

Kuna rafiki yangu wa sheria hapa bweni, mbishi kama mimi, akaniambia "lakini teknolojia ni mali ya mtengenezaji, wewe umenunua matumizi tu". Nikampa kesi. Marekani, kampuni ya Chamberlain inayotengeneza milango ya gereji ya rimoti iliishtaki kampuni ya Skylink iliyokuwa inauza rimoti za bei nafuu zinazoweza kufungua milango hiyo. Chamberlain walisema mlango wetu una namba inayobadilika, programu yake inalindwa na sheria ya hakimiliki, asiye na kibali chetu haruhusiwi. Mwaka 2004 mahakama ya rufaa ikawakatalia. Kwa lugha ya mtaani: mtu aliyenunua mlango ana haki ya kuufungua, na sheria ya hakimiliki haikutungwa ili kumnyang'anya. Rafiki yangu alinyamaza kidogo, kisha akasema hukumu ya Marekani haifungi mahakama za Tanzania. Sawa, haifungi. Lakini kama kiwanda chenyewe kilichobuni kitu kimeshindwa kumzuia mwenye mlango kutumia rimoti anayoitaka, fundi aliyefunga waya nane chini ya dashibodi anapata wapi mamlaka hayo?

Sasa tuje kwenye matunzo, maana ulaji mwingine umejificha huko. Mnaambiwa "rimoti imekufa" wakati kilichokufa ni betri, na mnalipia "programu" kwa betri.

Betri ya rimoti haifi ghafla kama balbu. Inaanza kwa umbali kupungua: jana ulifungua ukiwa ghorofani, wiki hii mpaka uwe mlangoni, mwezi ujao mpaka uigusishe kioo. Kitaa cha rimoti nacho kinafifia. Hapo badilisha, usingoje saa tisa usiku. Zile rimoti nene za zamani nyingi zinatumia betri ndogo ya volti 12 yenye umbo la risasi. Kuna 23A na 27A, urefu unakaribiana lakini 27A ni nyembamba, na ukiilazimisha kwenye nyumba ya 23A itacheza na kukata. Nyingine zinatumia ile bapa ya volti 3. Namba zake zinasomeka kirahisi: CR2032 ina upana wa milimita 20 na unene wa 3.2, CR2016 ina upana ule ule na unene nusu yake. Chukua ya zamani nenda nayo dukani, na ukiweka angalia upande wa kujumlisha.

Je, betri ikitoka rimoti "inasahau"? Hapana! Huu ndio uongo uliomla mama mdogo elfu arobaini. Kwenye chipu kama hizo za HCS namba imeandikwa kwenye kumbukumbu isiyotegemea umeme. Toa betri leo, weka mwakani, bado ni ile ile. Hata kisanduku cha alamu kwa kawaida hakisahau rimoti zake kwa sababu umechomoa betri ya gari.

Kinachoweza kutokea ni kupotezana hesabu, na hili lieleweke vizuri. Kwa kuwa namba inabadilika kila ukibonyeza, rimoti na kisanduku vinahesabu pamoja. Mtoto akiichezea rimoti sebuleni, rimoti inasonga mbele, kisanduku kimebaki nyuma. Mfumo huo wa Microchip unaelekeza kisanduku kikubali moja kwa moja hatua 16 mbele. Zaidi ya hapo kinakataa bonyezo la kwanza, lakini ukibonyeza la pili papo hapo, kinalinganisha namba mbili zilizofuatana, kinaona ni yule yule, kinarudi kwenye mstari. Dawa ni kubonyeza mara mbili mfululizo ukiwa karibu na gari. Ni wangapi wamelipia kuprogramiwa kwa ugonjwa huu?

Mengine ni usafi. Hewa yetu ya pwani ina chumvi na unyevu, na rimoti inakaa mfukoni na jasho. Vile vibati vinavyogusa betri vinaota ukijani. Futa kwa pamba yenye spiriti kidogo, au kwa kifutio cha penseli. Usitumie msasa wala steelwool, unakwangua ile ngozi nyembamba inayozuia kutu. Kitufe kinachotaka kubonyezwa kwa nguvu kama unaua kunguni huwa kimechoka swichi yake ndogo ndani. Fundi simu yeyote mwenye mkono mtulivu anaitoa na kuchomelea nyingine, na rimoti inabaki ile ile bila kuseti chochote. Ikidondoka majini, usiibonyeze kuona kama nzima. Toa betri kwanza, fungua, ipanguse, iache ikauke kabisa. Mchele muupike mle. Ikipigwa chini sana ikagoma wakati betri ni mpya, huenda kile kidude kinachoshikilia masafa, kile chenye kisahani cha bati kinachong'aa, kimepasuka ndani. Hapo kweli tafuta nyingine, na uwe na ile ya pili nyumbani, si kwenye gari hilo hilo.

Simnyimi fundi haki yake. Kufunga alamu ni kazi: kujua waya wa stata, waya wa indiketa, kupitisha kwenye ukuta wa injini bila kuchubua, kuunganisha kwa namna isiyoleta moto miezi sita baadaye. Nimeshuhudia kazi mbaya ya gundi ya umeme na nimeshuhudia kazi nzuri, na nzuri inastahili hela nzuri. Mlipeni kwa mikono yake. Mimi napinga kumlipa kwa kutunyima habari. Yule muungwana aliyefunga alamu ya jirani yetu alimkalisha kwenye kiti cha dereva, akamshika kidole akakipeleka mpaka kwenye kitufe, akamwambia zima mwenyewe nikuone, akamwandikia nyuma ya kitabu ni waya zipi amezikata na rangi zake, akampa na rimoti zote mbili. Ilichukua muda mfupi. Na jirani akiharibikiwa na chochote cha umeme bado anarudi kwake, kwa hiari.

Basi ukienda kufunga alamu, usitoe hela ya mwisho kabla hujakizima na kukiwasha mwenyewe kwa kitufe cha dharura na kabla kitabu hakijawa mkononi mwako. Ukitumwa maji, mwambie una kiu ya kujifunza kwanza, maji mtakunywa pamoja. Na kama una gari tayari na hujui kitufe kiko wapi, piga simu leo mchana, wakati simu ya fundi haijazimwa.

Mimi nimemtumia ujumbe fundi wa mama mdogo nikimwomba kile kitabu. Kajibu kimepotea. Nikamwomba basi jina la alamu lililokuwa kwenye boksi, nitakitafuta kitabu mwenyewe. Hiyo ilikuwa Jumatatu.